Ilani ya Sekenke: Muda Wetu Si Dhamana

Tunataka jioni zetu. Tunaanza na hilo kwa sababu watu wakisikia wafanyakazi wa benki wamekutana na kuandika ilani, wanadhani moja kwa moja tunadai mshahara. Mshahara una wenyewe wa kuudai: vyama vya wafanyakazi vipo, TUICO na FIBUCA, na mikataba ya hali bora ina meza yake. Sisi tunazungumzia jambo ambalo kwenye vikao hivyo likitajwa watu hucheka: mtu anayehesabu fedha za wenzake kutwa nzima anapumzika lini, anacheza lini, na kwa nini akifanya hivyo anajificha.

Sisi ni makeshia, maofisa mikopo, watu wa huduma kwa wateja na washika funguo za hazina kutoka matawi ya barabara hii, kuanzia Singida mjini na Kiomboi mpaka Igunga na Nzega. Tunafanya kazi benki tofauti na sokoni tunanyang'anyana wateja. Tumekutana Sekenke kwa kuwa ni katikati ya njia, nauli hazipishani sana, na hapa hakuna meneja wa mtu.

Sababu ya pili ni dhahabu. Machimbo ya Sekenke ni ya enzi ya Wajerumani, na ndiyo yaliyotoa dhahabu ya ile sarafu ya rupia 15 iliyogongwa mwaka 1916 kwenye karakana ya reli Tabora, wakati Waingereza wamefunga bahari na koloni halipati fedha kutoka Ujerumani. Ziligongwa zaidi ya 16,000, zenye tembo amesimama mbele ya mlima, na Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakaiteka Tabora. Leo wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya na Marekani wanazigombea mnadani. Vitabu vyao vinataja uzito wake hadi sehemu ya gramu, vinataja alama ndogo zinazotofautisha toleo moja na jingine. Mchimbaji aliyeitoa dhahabu hiyo chini hana hata mstari. Kazi yetu ni ya ukoo uleule: noti inajulikana namba, aliyeihesabu hajulikani alitoka ofisini saa ngapi.

Wachimbaji wapo mpaka leo. Hatuwaonei wivu, duara la kuchimbia likiporomoka halichagui, na wao hawana likizo wala pensheni. Lakini mchana ukipita karibu na machimbo utawakuta chini ya mti wamezunguka ubao wa drafti, kete ni visoda, mmoja anapiga kelele kwamba Simba ilionewa, mwingine anamimina kahawa. Mtu katoka chini ya ardhi, kakaa, anacheza, na hana haya. Sisi wenye shati lililopigwa pasi hatuwezi kukaa pale hata robo saa. Ilani hii inataka kujua kwa nini, na inataka kubadilisha.

Tuanze na mlango. Saa 10 jioni unafungwa. Mteja wa mwisho anatolewa, mlinzi anasukuma komeo, na huko nje watu wanasema wale wameshamaliza, kazi yao nyepesi, kiyoyozi kutwa. Ndani ndipo kazi ya pili inapoanza. Kila keshia anapanga noti kwa thamani yake, anafunga mabunda ya noti 100, anapitisha kwenye mashine, halafu anahesabu kwa mkono zile chakavu ambazo mashine imezitema. Kisha anatazama jumla iliyoko kwenye mfumo. Zikikubaliana, anapumua. Zisipokubaliana, hakuna anayeondoka, kwa sababu hazina haifungwi na mtu mmoja: funguo zimegawanywa kwa watu wawili, na hawafungi kabla kila droo haijakubali. Kwa hiyo shorti ya 50,000 ya keshia mmoja ni jioni ya tawi zima. Watu wanapekua vocha moja moja wakitafuta 8 iliyosomwa 3, au wanamkumbuka wakala aliyeingia saa 9:55 na mfuko wa noti za 1,000 na 2,000 zilizolowa jasho. Saa 2 usiku fedha inaonekana, au haionekani na keshia anaitoa mfukoni mwake. Saa 1:30 asubuhi yupo tena mlangoni.

Hatusemi hesabu zisifungwe. Fedha ni za watu, na mkulima wa alizeti aliyeuza gunia zake zote hapaswi kulala na wasiwasi ili sisi tukacheze mpira. Tunasema hivi: kufunga hesabu ni kazi, basi kuhesabiwe kuwa kazi. Kama kunachukua saa 2, mlango ufungwe saa 2 mapema, au waingie watu wa zamu ya jioni. Kinachotokea sasa ni kwamba muda huo hauandikwi popote. Kwenye karatasi tumetoka saa 11.

Sheria haikutusahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Kazi ya ziada ni kwa makubaliano, haizidi saa 50 katika wiki 4, na hulipwa mara moja na nusu. Kuna saa 12 za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, kuna saa 24 mfululizo kila wiki, na kuna siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Anayehesabu vizuri, na sisi tunajua kuhesabu, ataona kwamba aliyetoka saa 2 usiku hapaswi kurudi kabla ya saa 2 asubuhi. Ila sheria hiyo inawaweka pembeni wale wanaosimamia wenzao na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na hapo ndipo mameneja wengi wa matawi wanapojikuta. Meneja hana saa ya kutoka. Na tawi ambalo meneja wake bado amekaa ofisini, nani atakuwa wa kwanza kubeba mkoba? Hatuna ugomvi na mameneja. Wengi wao wamechoka kuliko sisi, na tunawakaribisha kwenye vuguvugu hili kwa sharti moja tu: wasiwe makapteni.

Tuliambiwa simu zitatupumzisha. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, Benki Kuu ikatoa mwongozo wa uwakala wa benki mwaka 2013, na foleni za watu wanaotoa 20,000 zikahamia kwenye vibanda vya mawakala. Kweli foleni ilipungua. Muda uliookolewa haukurudi kwetu, uligeuka targeti: akaunti mpya, amana, kadi, bima, mikopo ya watumishi. Sasa mlango ukifungwa, kinachofunguka ni kikundi cha WhatsApp. Saa 4 usiku inaingia picha ya jedwali, majina yote yamepangwa, waliofikisha kwa kijani na wasiofikisha kwa nyekundu, na chini yake viganja vya makofi kwa wa kijani. Mtu yuko kitandani na mwenza wake, anaangalia rangi ya jina lake.

Halafu kuna likizo. Benki nyingi duniani humlazimisha mfanyakazi wa nafasi nyeti akae nje ya ofisi kama wiki 2 mfululizo kwa mwaka, asiguse mfumo. Siyo kwa ajili ya afya yake. Ni kwa kuwa wizi wa ndani unahitaji mwenyewe awepo kila siku kuufunika, na akiondoka, anayekalia kiti chake ataona kilichofichwa. Utaratibu ni mzuri na tunauunga mkono, umeokoa fedha nyingi za watu. Lakini hebu tazama: pumziko linalosimamiwa kwa ukali kuliko yote ni lile linalomshuku anayepumzika. Siku zinazobaki, zile ambazo ni za kwako tu, zinasogezwa. Subiri mwisho wa mwezi upite. Subiri wakaguzi waondoke. Subiri msimu wa vitunguu. Mwaka unaisha siku ziko palepale, na wapo wanaojisifu kwamba hawajachukua likizo tangu waajiriwe, kana kwamba ni cheo.

Sasa tuje kwetu wenyewe, maana hapa ndipo penye mzizi. Mwaka 1987 watafiti wawili wa Marekani, Duane Crawford na Geoffrey Godbey, walivigawa vizuizi vya burudani katika makundi matatu: vilivyo ndani ya mtu, vilivyo kati yake na wenzake, na vilivyo nje, kama fedha, muda na uwanja. Mwaka 1991, wakiwa na Edgar Jackson, waliongeza hoja iliyo muhimu zaidi kwetu: vizuizi hivyo vina mpangilio. Mtu hukutana kwanza na kile cha ndani, na akikwama hapo hafiki hata mahali pa kulalamika kwamba uwanja hakuna. Ndiyo maana ukimuuliza keshia wa Kiomboi kwa nini hachezi, atakwambia muda hana. Mpe Jumamosi nzima tupu, uone. Atafua, atalala, atashika simu, na jioni atasema siku imepotea.

Tumelelewa hivyo. Babu zetu waliambiwa Uhuru na Kazi, sisi tukaambiwa Hapa Kazi Tu. Methali nayo ikatukalisha: kazi mbaya si mchezo mwema. Hatuna tatizo na kazi, barabara hii ya lami tuliyopita kuja hapa haikujengwa na watu waliokuwa wanacheza. Lakini mahali fulani njiani tulianza kuamini kwamba pumziko ni zawadi ya aliyefikisha targeti. Targeti ikifikiwa inapandishwa, kwa hiyo zawadi haifiki. Dereva wa lori la mizigo anayetoka Singida kuelekea Mwanza, akifika juu ya mlima huu wa Sekenke, husimama. Anakagua breki, anazunguka gari, ananyoosha mgongo, ndipo anashuka kwa gia nzito. Hakuna tajiri anayempigia simu kumwita mvivu, kwa sababu kila mtu anajua gari lililoshuka bila kusimama linaishia wapi. Sisi tunashushwa mwaka mzima bila kusimama, na tukianguka, kwa presha, kwa kisukari, kwa pombe ya kujifungia ndani, inaitwa bahati mbaya.

Benki ina aibu yake ya ziada, ambayo mwalimu au nesi haijui sawasawa. Tumepewa fedha za watu, na mji mdogo una macho. Keshia akionekana baa Ijumaa usiku, Jumatatu wateja wanahesabu hela zao mara mbili. Akinunua baiskeli ya mazoezi, watauliza ameitoa wapi. Ofisa mikopo ndiye aliyebanwa zaidi: hawezi kukaa kijiweni kwenye drafti kwa kuwa atakayekaa mbele yake ana rejesho lililochelewa, na akifungwa, mtaa mzima utasema deni limesamehewa. Kwa hiyo tunapumzika kwa kujificha. Tunasafiri mpaka mji mwingine kwenda kunywa soda. Wenye uwezo wanaingia Singida mjini, wanakaa kando ya ziwa Singidani kutazama ndege, na hata huko wanageuza kiti ili wasionekane kutoka barabarani.

Yupo atakayesema tuna mikusanyiko mingi kuliko watu wa kazi nyingine. Kweli. Jumamosi ni msiba, Jumapili ni kanisani au kikao cha harusi, na mfanyakazi wa benki ndiye hupewa uhazini wa kila kamati, eti amezoea. Mtu anahesabu fedha siku 6 na ya 7 anahesabu michango. Hatupingi misiba. Tunazikana, na tutaendelea kuzikana. Lakini burudani ni kitu ambacho ungeweza kukikataa ukabaki na heshima yako, na kwenye msiba na kamati ya harusi huwezi kukataa. Wengine Jumamosi yao ni basi. Mwenzetu kahamishiwa huku, familia iko Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka Singida mjini. Treni ya SGR imemrahisishia kutoka Dar mpaka Dodoma tangu mwaka 2024, ila kutoka hapo ni basi, na atakaa na wanawe saa chache kabla ya kugeuza. Uhamisho ni sehemu ya kazi, tuliusaini. Hatukusaini kwamba hautakuwa na mwisho wala kwamba wanandoa wawili wa benki moja watapelekwa pande mbili za nchi.

Kwa wanawake wa kundi hili yote hayo ni nusu tu ya mzigo. Wapo kati yetu waliocheza netiboli mpaka UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, waliowakilisha mikoa yao, wenye magoti yaliyojaa makovu ya viwanja vya changarawe. Waulize mara ya mwisho kushika mpira. Wengi watakwambia kidato cha sita. Saa 2 usiku inayomkuta mwanamume akienda kutazama mechi kwenye banda, inamkuta yeye akipitia gengeni na simu begani, anamwelekeza dada wa kazi kuinjika maji. Mume akirudi na begi la mazoezi ni mwanamichezo. Mke akirudi nalo anaulizwa alikuwa na nani. Akivaa suruali ya kukimbilia mtaani kwake asubuhi, kuna mteja atakayemwambia dirishani, kwa sauti, alichokiona. Kizuizi hiki hakiondolewi na jimu wala posho. Kinaondolewa na wanaume waliomo humu, na tutaeleza hapa chini wamekubali nini.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa na bendi yake. Chama, siyo mtu binafsi. NUTA Jazz ikaja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ndiyo Msondo Ngoma. Shirika la Bima likawa na BIMA Lee. Shirika la usafiri la Dar es Salaam likawa na UDA Jazz. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na baadaye ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la jiji. Mpirani kulikuwa na Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara na Sigara ya Dar es Salaam. Nchi ilikuwa maskini kuliko sasa, sabuni ilikuwa ya foleni, lakini ilieleweka kwamba mfanyakazi ana usiku, na usiku huo una muziki. Na huku kwetu, majirani zetu Wasukuma wameshindanisha ngoma kila baada ya mavuno kwa vizazi na vizazi, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, na hakuna aliyewahi kusema pamba haikulimwa kwa sababu yao.

Miaka ya 1990 mashirika yalibinafsishwa na bendi na timu nyingi zikapoteza mlezi. Benki nazo zilibadilika: CRDB mwaka 1996, na mwaka uliofuata NBC ya zamani, ile iliyoundwa mwaka 1967 benki zilipotaifishwa, ikagawanywa na NMB ikazaliwa. Hatulilii enzi ile. Aliyewahi kusubiri daftari lake la akiba lisainiwe kutwa nzima hawezi kuililia. Tunasema tu kwamba katika kugawana mali za zamani, mfanyakazi wa kawaida alipata kompyuta na akapoteza klabu.

Tutajibiwa kwamba benki zinajali michezo. Ni kweli, na tunajivunia. Ligi Kuu inabeba jina la NBC tangu mwaka 2021. CRDB na NMB zina mbio zao za hisani, na wapo kati yetu wenye medali za mbio hizo ukutani. SHIMUTA inakutanisha timu za mashirika na makampuni kila mwaka. Lakini timu ya taasisi inahitaji wachezaji wachache wazuri, na sisi wengine tunabaki kupiga makofi. Bonanza la mara moja kwa mwaka, lenye fulana za nembo, muziki mkubwa na mpiga picha, ni tangazo zuri. Haliwezi kuwa Jumatano jioni. Tunachotaka ni Jumatano jioni, ya hovyo, isiyopigwa picha, watu wenye vitambi wanakosa magoli ya wazi.

Na wasituambie haiwezekani kwa sababu ya asili ya benki. Siku za mapumziko za kisasa Uingereza zilianzia benki. Mwaka 1834 Benki Kuu yao ilipunguza siku zake za kufunga kutoka kama 33 za watakatifu hadi 4, na mwaka 1871 mbunge mmoja ambaye mwenyewe alikuwa mwenye benki, John Lubbock, akapitisha sheria ya kufunga benki kwa siku zilizotajwa. Benki zikifungwa hundi haidaiwi, hundi isipodaiwa biashara inasimama, na hivyo nchi nzima ikapumzika kupitia mlango wa makarani wa benki. Brazil, tangu mwaka 1933, karani wa benki ana siku ya kazi ya saa 6. Saa 6! Na benki za Brazil ni kubwa mno, hazikufa. Benki za India tangu Septemba 2015 zinafunga Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi. Hatuombi ya Brazil. Tungeanza na ya India tukashukuru.

Kwa waajiri, basi, tunasema: andikeni saa halisi ya kutoka, kwa kila mtu, meneja akiwemo, na ilipwe au irudishwe kama muda. Jedwali la targeti lisitumwe baada ya saa 12 jioni wala siku ya kupumzika. Likizo ipangwe Januari na isisogezwe bila maandishi yenye saini ya anayeisogeza. Mtu akilazimika kusaini, husogeza kidogo. Anayekaa mbali na familia kwa uhamisho apewe Jumamosi mbili za mwezi awe nayo. Keshia asibebeshwe shorti peke yake baada ya saa nyingi za kazi bila kupumzika. Hapo si uzembe tena, ni uchovu uliopangwa. Kwa vyama vyetu: wekeni muda wa mapumziko kwenye mkataba wa hali bora, kwenye kifungu chake, siyo kwenye hotuba ya Mei Mosi. Kwa halmashauri za njia hii hatuna maneno mengi. Viwanja vya wazi vilivyobaki visigawiwe kuwa maduka.

Sisi kwa sisi tumekubaliana zaidi ya hapo. Hatutaulizana mtu alikuwa wapi Jumapili. Atakayemkuta mwenzake baa, uwanjani au kwenye bao, hatalipeleka ofisini hata kwa utani. Saa 12 jioni mtu anazima kikundi cha kazi, na anayekizima hatetewi na mmoja, anatetewa na wote. Ofisa mikopo atakaa kijiweni na kucheza drafti na mdaiwa wake, na suala la rejesho likitajwa, mchezo unasimama na anayelitaja ananunua kahawa. Uhazini wa kamati za harusi tutaupokea mara moja kwa mwaka, ya pili tutamtaja mwalimu. Wale wenye dini zinazokataza muziki au mchezo wa siku fulani hawatavutwa mkono. Kutembea mpaka ukingo wa mbuga ya Wembere na kurudi nako ni burudani, na ziwa Kitangiri halihitaji kiingilio.

Vuguvugu hili halitageuka kikoba. Tunalisema kwa wino mzito kwa sababu tunajijua: Watanzania 10 wakikutana kwa jambo lolote, mwezi wa pili kuna hisa, mwezi wa tatu kuna mkopo, mwezi wa nne kuna ugomvi. Hakutakuwa na ada wala akaunti, jambo ambalo kwa watu wa kazi yetu ni mfungo mkubwa. Hakutakuwa na mdhamini, fulana, mgeni rasmi wala risala. Mtu wa benki nyingine ni mwenzetu. Ukimshawishi mteja wake uwanjani umejitoa mwenyewe. Nesi, mwalimu na askari wa barabarani wakitaka kucheza, waje. Wachimbaji wamekwisha kutukubalia kwenye drafti na wanasema watatufunga.

Tunaanza Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa 9 alasiri, Shelui, kwenye uwanja wa shule ambao mwalimu mkuu ametukubalia kwa ahadi kwamba tutauacha msafi. Wa Nzega na Igunga wanapanda, wa Kiomboi na Singida wanashuka. Saa ya kwanza uwanja ni wa netiboli na hakuna mwanamume anayepasha misuli pembeni. Wanaume wote wenye watoto wanakuja nao, na ndio watakaokaa nao, siyo dada wa kazi, siyo bibi. Chakula kitanunuliwa kwa mama lishe wa stendi, asipike mtu. Baada ya hapo ni mpira wa miguu, bao, au kulala kwenye nyasi kwa anayetaka kulala. Mpira wa netiboli upo. Pete za magoli bado, na fundi wa kuchomelea anataka nusu ya malipo kabla ya Ijumaa.